Midomo ya Fundi Maji

Jumatatu, 4 Machi

Msimu wa tano wa *Mwendo wa Miaka Mia* umefika studio leo, sehemu kumi na tatu kamili. Nimeamua kuuandikia shajara, maana miaka minne nimefanya kazi ya maana na hakuna aliyeandika neno.

Kwa asiyejua: ni tamthilia ya chombo cha anga kinachosafiri miaka mia kwenda sayari nyingine, watu wanazaliwa na kufia humo humo njiani. Wageni wameicheza kwa lugha yao, sisi tunaitia sauti za Kiswahili. Sauti ya Nahodha ni yangu. Tena si sauti tu. Mtafsiri akishaleta maneno, mimi ndiye ninayeyapunguza na kuyanyoosha mpaka yalingane na midomo ya waigizaji. Bila mimi mtu angefunga mdomo na huku bado anasema. Mtaani kwetu hata watu wazima wananiambia "Shikamoo Nahodha" kwa utani, nami naitikia kwa sauti ile ile nzito. Wanafurahi. Na mimi pia.

Tatizo moja. Mama aliyekuwa akiwasemea wanawake wa chomboni wenye maneno machache amehama na mumewe. Bosi anauliza nani atamsemea Fundi Maji, yule anayepitapita na spana yake kusafisha maji ya kunywa. Maneno thelathini kwa wiki, hata bata angeyaweza. Nimemtaja mke wangu. Yuko nyumbani anashona sare za shule, na sauti yake ni ya mtu anayewaita watoto waje kula. Inatosha.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Pacha ameingia studio kwa mara ya kwanza. (Wote wanamwita hivyo tangu tupate mapacha wetu wa kike, miaka kumi na mmoja sasa.) Karatasi ilimtetemeka mkononi mpaka kipaza sauti kikaisikia. Nikamwambia mbele ya watu, "Shika karatasi, si kuku." Walicheka sana. Kisha akasema mstari wake, "Maji ya leo yana chuma kidogo, msiogope." Alisema mara moja, na hiyo moja ikatosha. Fundi mitambo akavua hedifoni, akamtazama kupitia kioo. Mimi mstari wangu wa kwanza niliurudia mara nane.

Njiani aliniuliza, "Nimefanyaje, Baba Pacha?"

"Si mbaya sana," nikamwambia.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Paa la studio ni bati, ikinyesha kipaza sauti hakisikii kingine. Hatukurekodi.

Jumamosi, 23 Machi

Nina hasira, kwa hiyo nitaandika sana.

Fundi mitambo aliniambia kuna mashabiki wanaokutana kila Jumamosi saa kumi kwenye duka la fundi redio, upande wa pili wa mji, kuijadili tamthilia yetu. Nikaona si vibaya mtu kwenda kusikia anavyopendwa. Sura yangu haijulikani nje ya mtaa wetu, lakini sauti yangu inajulikana mji mzima. Kwa hiyo nilijifunga skafu shingoni, na kila aliyenisalimu nikamwonyesha koo kwa kidole. Wakanipa pole na kiti.

Kumbe wanajiita Kambi ya Wasiosifiwa. Kazi yao ni kuwasifu wale ambao hakuna anayewasifu: mpishi, mlinzi wa mlango wa pili, yule mzee anayebadilisha taa. Na wana sheria. Anayemtaja Nahodha anasimama mpaka mkutano uishe. Walikuwapo wawili wamesimama tayari, wanacheka wenyewe.

Mwalimu mmoja wa hesabu, mwembamba, mwenye saa ya kupima mbio, akaanza. "Msimu huu Fundi Maji amebadilika."

"Sura ile ile, spana ile ile," akasema fundi redio.

"Ni sauti. Huyu mama mpya anasema kama mtu aliyekuwa na kazi yake kabla kamera haijafika, na ataendelea nayo ikiondoka."

Mwanamke anayeuza viatu akasema, "Akisema 'msiogope,' naacha kuogopa. Na wala sijui nilikuwa naogopa nini."

"Lakini hata Nahodha..." kijana mmoja akaanza.

"Simama!" wakapiga kelele wote.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akaongeza fundi redio, na duka zima likaangua kicheko, nami nimekaa katikati yao na skafu yangu, mimi ndiye debe.

Saa moja nzima walimzungumzia mke wangu. Hawamjui jina, hawajui anaishi wapi, hawajui kwamba usiku anakoroma. Niliporudi alikuwa anapiga pasi sare. Akaniuliza nimetoka wapi. Kwa rafiki, nikasema. Sikumwambia kitu. Kwa nini nimwambie?

Jumatatu, 25 Machi

Nimekata mistari minne ya Fundi Maji.

Bosi nimemwambia mitambo ya chombo inafunika maneno hata kwa lugha ya wageni. Amekubali. Bosi huangalia sehemu za Nahodha tu, kwingine anasoma gazeti.

Mama Pacha nimemwambia hivi: "Bosi kasema sauti yako inakwaruza."

"Inakwaruza vipi?"

"Kama mlango wa stoo."

Akajishika koo. "Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Anakustahi. Wewe ni mke wangu."

"Basi umshukuru," akasema. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu asubuhi. Hatukurekodi.

Jumatano, 3 Aprili

Kila alfajiri sasa mke wangu anachemsha maji, anamimina kwenye beseni, anajifunika shuka kichwani, anavuta mvuke na kuimba noti moja, aaaa, aaaa. Kisha anasukutua maji ya chumvi. Mwuza dawa kamwambia inasaidia koo linalokwaruza. Pacha wa kwanza anamwigiza akiwa amejifunika taulo. Leo tumecheka mpaka nikapaliwa na chai, na yeye chini ya shuka akacheka pia, halafu akaendelea, aaaa.

Koo lake ni zima kabisa. Ni zima kuliko langu.

Jumamosi, 13 Aprili

Sielewi watu.

Nilidhani ukimnyima mtu maneno watu watamsahau. Wiki tatu nimemnyima. Leo mwalimu wa hesabu alisimama na saa yake mkononi, macho yamemlowa, mtu mzima na ndevu zake.

"Sekunde arobaini na moja," akasema. "Nimepima mara tatu. Sekunde arobaini na moja midomo ya Fundi Maji inacheza na hakuna sauti. Mnaelewa maana yake? Anasema, na chombo kizima hakimsikii. Ndio maisha ya mfanyakazi hayo!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema mwuza viatu, akapenga kamasi.

Wameshona matone ya kitambaa cha buluu na kuyabandika vifuani. Nami nimepewa. Nimetoka nalo limening'inia kwenye koti langu, nimelitupa mtaroni nilipofika kona.

Siku zote nilikuwa nikiijua midomo. Ndiyo kazi yangu. Nikaiacha inacheza mitupu mbele ya mji mzima, kwa sababu nilikuwa nafikiria kukata tu. Hata mwanafunzi wa kwanza wa kazi hii hakosei hivyo. Na kosa langu ndilo wanalolipenda.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Barua imeletwa studio kwa mkono: *Kwa Sauti ya Fundi Maji*. Kwa bahati nilikuwa mlangoni mimi. Ni Kambi. Wanamwomba awe mgeni wao Jumamosi yoyote anayopenda. Wanasema hawahitaji hotuba, wangependa tu akae nao. Chini wametia sahihi watu ishirini na sita, na mmoja ameandika, "Mama, mume wangu amefariki mwaka huu, wewe ndiye unayeniamsha."

Mfereji wa mbele ya studio ulikuwa umejaa mpaka juu. Barua ilielea kidogo, ikazama.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa anarudia mstari wake mmoja aliobakiwa nao wiki hii, "Ndiyo, Nahodha." Mara thelathini, huku cherehani inakwenda. Akaniuliza, "Hii je? Bado inakwaruza?"

Nikamwambia imezidi.

Jumatatu, 6 Mei

Sehemu ya kumi na moja. Mtafsiri kaleta kurasa, na ndani yake kuna hotuba ya Fundi Maji, dakika mbili nzima. Chombo kinakaribia kugawanyika, watu wanataka kuuana, naye anasimama mlangoni mwa chumba cha maji na kuwasemesha. Nimeisoma mara moja, nikaenda kunawa uso.

Katika tukio hilo Nahodha amesimama ameipa kamera mgongo. Mdomo wake hauonekani hata kidogo. Mtu akikupa mgongo, unaweza kumsemesha unachotaka. Nusu ya hotuba nimempa Nahodha. Nusu ya pili nimeifunika kwa king'ora.

Nilirekodi mara moja tu. Bosi alipiga makofi. Mama Pacha alikuwa amekaa pembeni akingoja zamu ya "Ndiyo, Nahodha" yake, akaniambia, "Maneno mazuri haya, Baba Pacha. Nimesikia mwili unasisimka." Alikuwa anasema kweli. Ndiyo tabia yake inayonichosha.

Jumamosi, 18 Mei

Juzi ilirushwa. Leo duka lilijaa mpaka nje, watu na miavuli.

Mwalimu wa hesabu hakukaa. "Nasimama kabisa," akasema, "maana nataka kumtaja. Nahodha hawezi kusema yale. 'Najua nani alilia juzi kwa ladha ya maji'? Nahodha? Misimu mitano, lini mmemwona anaosha hata kikombe?"

"Nahodha kaiba!" akasema mwuza viatu, naye akasimama.

"Nahodha mwizi," akasema fundi redio, akasimama nyuma ya meza yake. Na mwingine, na mwingine. Mwishowe duka zima lilikuwa limesimama, aliyekaa ni mimi peke yangu. Nikasimama.

Ndipo akajitokeza mwanamke nisiyewahi kumwona hapo, mkalimani wa mahakamani. Anaijua ile lugha ya wageni. Amesema kaka yake anaishi kwa wageni hao, atamwomba amsomee kwa simu maneno yenyewe yalivyo, naye atayaleta Jumamosi ijayo, yote, tangu sehemu ya kwanza.

Nimerudi kwa miguu chini ya mvua. Siku saba.

Jumatatu, 20 Mei

Mama Pacha akiacha kazi kabla ya Jumamosi, yataisha. Watasema alikuwa na matatizo yake, basi. Nimemkalisha chumbani, mlango nimefunga.

"Bosi anataka kukuondoa," nikamwambia. "Bora uandike mwenyewe kwamba umeacha. Usijitie aibu."

Aliilaza mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Nimebakiwa na sehemu mbili tu. Nimalizie, Baba Pacha. Hata kama ni neno moja moja. Sijawahi kupenda kazi hivi."

"Watu wanacheka," nikasema. "Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Wanacheka nini?"

"Sauti yako."

Hapo akalia. Si kwa kelele. Nilimtazama nikaona huruma, naandika hapa bila kuficha, niliona huruma kubwa, na bado nikamletea kalamu.

Jumatano, 22 Mei

Ameipeleka barua mwenyewe, asubuhi, kwa miguu. Amerudi mchana amekaa kwenye cherehani bila kushona. Pacha wa pili alimuuliza kama anaumwa, akajibu haumwi. Amepika, amekula, ameniwekea chakula. Yamekwisha.

Jumamosi, 25 Mei

Hayakwisha.

Nilikwenda na skafu yangu kama kawaida, nikakaa mbele nisije nikaonekana naogopa. Mkalimani alikuja na daftari. Akasoma, kwanza mistari midogo ya mwezi wa tatu, kisha ile mingine, watu wakiguna kila mara. Alipofika kwenye hotuba aliinua kichwa kwanza.

"'Maji mnayokunywa yamepita mikononi mwangu mara elfu,'" akasoma. "'Ni jasho lenu, ni mkojo wenu, ni machozi yenu. Nayasafisha, nawarudishia. Najua nani alilia juzi, na sijamwambia mtu. Mkitaka kuuana, uaneni, lakini mjue mtanywana.'"

Mtu mmoja alisema, "Mungu wangu." Kisha kelele zikaanza. Nani kakata? Nani katoa kinywani mwa mama akampa yule debe? Waende studio! Wamtoe mbele za watu!

Na nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ikasema, "Subirini kidogo, msiogope."

Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Vichwa vyote viligeuka kwa mara moja, na mwuza viatu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti waliijua kabla hawajamwona mtu.

Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake la sherehe. Baadaye nimejua: Jumatano bosi aliisoma ile barua akashangaa, akamwambia, "Mama, unaacha vipi, na kila wiki watu wanakuja hapa kukuulizia? Hukupata mwaliko wao?" Bosi hakuwahi kumsikia akikwaruza. Hakuwahi kusema hivyo. Kisha fundi mitambo akamwita pembeni, akamwonyesha kurasa za mtafsiri na mwandiko wangu juu yake, msalaba mmoja baada ya mwingine, akamwambia pia kwamba ni yeye aliyenielekeza kwa Kambi. Siku tatu alinipikia huku anajua.

"Mimi ndiye niliyeomba yakatwe," akawaambia. "Koo langu lilikuwa baya. Msimlaumu mtu."

Wakaanza kumpigia makofi, akainua mkono.

"Sasa nimepona. Mwenye shida ni huyu." Akaja mbele, akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mwepesi tu. "Huyu mwenye skafu ni mume wangu. Ninyi mmemwona anakuja kila wiki hasemi. Ndiye Nahodha. Sauti imekufa. Daktari kasema hairudi, na leo tumekuja kuwaaga."

Nilifungua mdomo. Niliwaona wote wananitazama, mwalimu na saa yake, mkalimani na daftari lake limefunguka ukurasa ule ule. Ningesema neno moja, wangejua mimi ni mzima, na wangeuliza miezi miwili hii nilikaa kimya katikati yao kwa nini. Nikafunga mdomo.

Walinihurumia! Fundi redio alilia, akaniomba radhi kwa ajili ya debe. Mwuza viatu akanibandikia tone la buluu. Kwa mkupuo mmoja wakanipokea rasmi kwenye Kambi: Nahodha asiyesifiwa.

Njiani tulitembea chini ya mwavuli mmoja. Tulipopita kona nikamwambia, "Mama Pacha, nisikilize."

"Daktari kakataza," akasema.

"Umenisitiri mbele yao. Kwa nini?"

"Wanangu hawatakuwa watoto wa mwizi. Jumatatu utakwenda kwa bosi, utamnong'oneza kwamba umeacha. Ukipaza sauti, mahali popote, mbele ya yeyote, nitampa mkalimani zile kurasa zenye mwandiko wako." Kisha akaniambia nisogee ndani ya mwavuli, nitalowa.

Jumatatu, 27 Mei

Nimenong'ona. Bosi kanipa mkono. Fundi mitambo alinitazama kupitia kioo, hakunisalimu.

Ijumaa, 31 Mei

Wamerekodi upya hotuba. Itarushwa tena, kwa ombi la watazamaji. Nahodha sasa ni fundi mitambo. Misimu mitano amenisikiliza kwenye hedifoni, anajua hata ninapovuta pumzi. Nimebakiziwa kazi ya midomo, nyumbani, kwenye meza ya kulia. Silaba kwa silaba nimemrudishia mke wangu kila neno, na mengine nimeyaboresha. Hajasema asante. Amesoma, ameweka alama mahali pawili, "hapa ameshafunga mdomo," na alikuwa sahihi.

Ijumaa, 7 Juni

Jana mji mzima ulitazama. Mtaani watu wamemwamkia mke wangu kwa jina la Fundi Maji. Kuhusu Nahodha hakuna aliyesema chochote. Nilimngoja jirani, yule wa "Shikamoo Nahodha." Amepita, amenipa pole ya koo, akaongeza, "Lakini jana ulikuwa moto kweli kweli! Hiyo waliirekodi kabla hujaugua, eeh?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua zimekatika, jua kali. Asubuhi Mama Pacha amekwenda kwenye Kambi yake, leo wanakutana mapema. Nilibaki na watoto mezani. Nikafunga madirisha. Wiki mbili sijasikia sauti yangu, na hawa ni damu yangu. Nikasema kwa sauti kamili, ile ya chini kabisa, yangu, "Wanangu, nilimfanyia mama yenu vibaya. Nataka niwaambie."

Hawakuinua vichwa. Waliendelea kupaka mkate siagi.

"Mnanisikia?"

Pacha wa kwanza akamtazama mwenzake. Wa pili ndiye aliyejibu, taratibu, lakini alikuwa anasema na dada yake, si na mimi. "Mama kasema baba akiongea kwa nguvu tusimjibu. Eti ni ugonjwa, utampita."

Niliita majina yao. Nilisimama. Niliita tena, mpaka vikombe vikalia juu ya meza. Walikuwa wameinamia mkate, masikio yamewaiva, wanatafuna.

Nikakaa. Nikanong'ona naomba kisu cha siagi, na wote wawili wakanyoosha mikono kunipa.